UZI: Chakula kikibaki ni heshima au ni dhambi? Yaliyonikuta kwenye matanga ya kukhu

Mjukuu wa Butere (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kifuani tangu mwaka jana.

Tulimzika kukhu, yaani nyanya yetu, kule Butere mwezi wa Agosti. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya upishi, kwa hiyo kilichoingia jikoni na kilichotoka nilikiona kwa macho yangu. Fahali wawili. Magunia manne ya mchele wa Ahero. Kabeji za kujaza pikapu, na maharagwe kwa wasiokula nyama. Tulitarajia watu elfu moja. Saa nane mchana mvua ikashuka, na wengi wakaondoka mara tu kaburi lilipofukiwa, bila kula. Kufikia jioni masufuria mawili makubwa ya wali yalikuwa hayajaguswa, na lingine lilikuwa na nyama nusu.

Nikamwuliza shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho jikoni, tuwafungie watu waende nacho? Akasema hapana, kesho kuna wageni watakaolala, na tena watu wakionekana wanabeba chakula jioni itasemwa kwamba matanga yalikosa watu. Asubuhi wali ulikuwa umeanza kuteleza na kunuka. Vijana wakachimba shimo nyuma ya migomba, tukamwaga. Nilisimama pale nikitazama wali ukiporomoka kwa mabonge yenye umbo la sufuria, na kilichonijia kichwani ni mikono ya kukhu.

Kukhu alikuwa na kijiko kimoja cha bati kilicholika upande mmoja kwa kukwangua. Ugali ukiisha, alikwangua ukoko wote, akauanika kwenye ungo, kesho yake tukaula na chai. Ukizidi aliuloweka akawapa kuku. Siku ya kupura maharagwe alituinamisha uani tuokote yaliyoruka, moja moja, hadi jua lizame. Alikuwa akituambia harage ukiliacha chini litakwenda kukusemea. Sasa mtu huyo ndiye tuliyemwagia wali shimoni, hatua thelathini kutoka kaburi lake, kwa jina la kumheshimu.

Sijaandika ili kumsema shangazi. Kwetu sufuria likikauka kabla mgeni wa mwisho hajapakuliwa, aibu hiyo hukaa kwenye boma miaka na miaka. Kinachobaki ni ushahidi kwamba hakuna aliyeondoka na njaa. Huo ni upendo.

Lakini tangu siku ile nimekuwa nikisoma. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako hapa hapa kwetu Gigiri, lilitoa ripoti mwaka 2024. Inasema mwaka 2022 dunia ilitupa takriban tani bilioni 1.05 za chakula, yaani asilimia 19 ya kile kilichokuwa tayari kimewafikia walaji kupitia maduka, mikahawa na majumba. Asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Na chakula kinachopotea na kutupwa, kwa jumla yake, kinachangia asilimia 8 hadi 10 ya gesijoto zote za dunia.

Hilo la gesi ndilo lililonirudisha kwenye shimo letu. Chakula kikifukiwa mahali pasipo na hewa, vijidudu wanaokiozesha hutoa gesi ya methani. Ukiipima kwa miaka mia moja, kilo moja ya methani hupasha joto takriban mara 28 kuliko kilo ya hewa ukaa. Ukiipima kwa miaka ishirini, kama mara 80. Tena ule ulikuwa mchele wa majaruba. Pale Ahero mpunga hukaa ndani ya maji, na tope lile lisilopata hewa hutoa methani hiyo hiyo. Ng'ombe naye akicheua huitoa. Kwa hiyo chakula kile kilikwisha kulipiwa shambani, kikalipiwa kwenye lori na kwenye kuni, halafu tukakilipia tena shimoni bila mtu kushiba.

Na mkulima wa Ahero ndiye yule yule ambaye mto Nyando ukifurika unamfuata hadi mlangoni. Sisemi shimo letu ndilo lililoufurisha. Nasema tu kwamba kukhu alitufundisha kutotupa chakula kwa sababu kuna jirani mwenye njaa, na jirani huyo tulimjua kwa jina. Huyu wa sasa hatumwoni. Yuko Budalangi kwenye mafuriko, au yuko Turkana kwenye ukame, au bado hajazaliwa. Je, maadili yetu ya chakula yana nafasi yake? Na heshima ya mgeni tuiweke wapi? Nawasikiliza.

Mpita Njia 254

Pole kwa msiba, mkuu. Lakini haya mambo ya tabianchi tuwaachie waliochafua. Marekani na Ulaya wamechoma makaa na mafuta miaka mia mbili. Leo mama wa Butere akipika wali ukabaki ndiye anaambiwa ameharibu anga? Sisi sehemu yetu ni ndogo mno. Hiyo dhambi si yetu na mimi siibebi.

Kabeji Mau Narok

Mwenye uzi, umegusa lakini umeanzia kwenye sahani. Mimi nataka nikurudishe shambani.

Nalima kabeji na karoti huku Mau Narok. Kuna msimu mmoja sitausahau, sote tulipanda wakati mmoja baada ya mvua kuchelewa, sote tukakomaza wakati mmoja. Broka akaja na bei ya shilingi tatu kichwa, shambani. Kibarua wa kukata anataka chake, wa kubeba hadi barabarani anataka chake, na barabara yenyewe wiki ile lori lilikuwa limezama hadi ekseli. Nikapiga hesabu usiku nikaona nikivuna napata hasara kuliko nikiacha. Nikaacha ekari nzima.

Kabeji ikikomaa usipoikata hupasuka. Unasikia shambani asubuhi na mapema, kama kitambaa kinachochanwa. Halafu inaanza kuwa nyeusi kwenye ule ufa. Nilifungua lango nikaita majirani, wakaja na magunia, na mama mmoja alitoka mbali na punda. Ng'ombe wangu walikula hadi maziwa yakanuka kabeji, na pale tunapopeleka maziwa wakayakataa. Ile nyingine nililimia chini.

Sasa sikiliza. Hiyo asilimia 19 haihesabu kabeji yangu. Kuna hesabu nyingine ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kama asilimia 13, ya chakula kinachopotea kati ya mavuno na duka. Hata hiyo hainihesabu, kwa sababu mimi sikuvuna. Ekari yangu haimo kitabuni popote. Mbolea nilinunua kwa deni, nikaimwaga, nikalaza jasho la miezi mitatu ardhini. Nani alitenda dhambi hapo? Mimi? Broka? Barabara?

Jambo moja la manufaa. Kabeji ikienda soko la Wakulima pale Nakuru mjini huachiwa majani ya nje ili yalinde kichwa njiani. Ikifika, yanavuliwa yote sokoni. Lile rundo linalooza pale kando, halafu likapandishwa jalala la Gioto, sehemu kubwa ni majani hayo. Yangebaki shambani yangekuwa mbolea, maana yakichanganyika na udongo wenye hewa hayatoi methani kama yakilundikwa mlima. Sisi wachache tumeanza kusafirisha kwa kreti, majani tunavulia shambani. Kreti ni ghali, lakini hudumu.

Bondeni Nakuru

Assalaam alaykum wanajamvi. Mwenye uzi ameuliza kama maadili yetu yana nafasi ya mtu asiyeonekana. Mimi nasema kwetu Waislamu dhambi ya kutupa chakula haikungojea mtu wa kuumizwa. Katika sura ya 7 aya ya 31 tumeamrishwa kula na kunywa na tukakatazwa israfu, yaani kupita kiasi. Sura ya 17 aya ya 27 wabadhirifu wameitwa ndugu wa mashetani. Haikusemwa hapo kwamba ukitupa mahali hakuna masikini basi hakuna neno. Chakula ni neema na ni amana, na amana inaulizwa na mwenyewe.

Hata hivyo nakiri. Mwezi wa Ramadhani, mwezi wa kufunga, ndio mwezi ambao pipa la mtaani kwetu hujaa zaidi. Mtu amefunga tangu alfajiri, jua likikaribia kuzama macho yananunua kuliko tumbo. Sambusa, viazi karai, tambi, uji, maharagwe ya nazi, na tumbo lenyewe linatosheka na tende tatu na maji. Mwaka huu tulikubaliana nyumba sita, kila jioni nyumba moja ipike kitu kimoja kikubwa na kugawia wengine. Sahani inatoka na futari, inarudi na futari nyingine. Ndivyo walivyofanya wazee wetu zamani, sisi tuliacha tu.

Afisa Nyanjani

Naomba niweke breki kidogo, kwa sababu nimeona uzi unaelekea kusema kila kitupwacho ni dhambi.

Kazi yangu ni mahindi, upande wa Trans Nzoia. Mwaka 2004 kule Ukambani watu 125 walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi yasiyokauka. Wengi walikuwa wanakula mahindi yao wenyewe, waliyoyatolea jasho. Nimekutana na akina mama wanaochambua mahindi yaliyoota ukungu, wakaosha, wakayasaga, kwa sababu walilelewa kama kukhu wa mwenye uzi: chakula hakitupwi. Sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Ukimpa ng'ombe inaingia kwenye maziwa. Ukipikia busaa bado umemlisha mtu mahindi mabovu. Mahindi hayo ni ya kuharibiwa, na anayeyaharibu ametenda haki.

Na hapa ndipo tabianchi inapoingia bila kuhubiriwa na mtu. Zamani Oktoba na Novemba ungeanika mahindi ukalala usingizi. Siku hizi mvua inaingia katikati ya mavuno, turubai linakunjwa na kukunjuliwa mara nne kwa siku. Yanatakiwa yashuke hadi unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya kuwekwa ghalani. Wasio na kipimo, chukueni chupa ya glasi iliyokauka vizuri, tieni mahindi hadi robo, wekeni chumvi kavu vijiko vichache, funikeni, tikiseni kwa dakika chache kisha acheni itulie. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, bado yana maji. Yakikauka, ile mifuko isiyopitisha hewa inaua dumuzi bila dawa.

Wa Obunga

Kina dada na kina kaka, mimi nauza samaki Kisumu. Mnaposema kutotupa, sisi tulianza kabla ya ripoti. Viwanda vilikata mbuta, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, wakabaki na kichwa, mgongo na mkia. Hicho kilikuwa kitu cha kutupwa. Mama zetu wakakinunua, wakakikaanga kwenye mafuta yanayochemka hadi mifupa ikalia, wakakiita mgongo wazi. Nimesomeshwa kwa mgongo wazi. Kwa hiyo nikisikia watu wanafundishwa kula kila sehemu ya chakula, nakubali, lakini pia nauliza mnofu ulikwenda wapi.

Omena, yaani dagaa wa ziwani, ndiyo inayoniumiza zaidi. Inavuliwa usiku kwa taa, asubuhi inaanikwa kwenye nyavu mchangani, jua la siku moja likiwa kali inatosha. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, ile rangi ya fedha inageuka manjano, inavunjika ukiishika, inanuka. Hapo anayeinunua ni mtu wa chakula cha kuku, kwa bei yake mwenyewe. Mvua ikizidi hata yeye haitaki. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipopanda yakapita hata kile kimo cha 1964, viwanja vyenyewe vya kuanikia vilikwenda na maji. Tulianika juu ya mabati ya nyumba zetu. Kaka Mpita Njia, unasema hiyo dhambi si yetu. Sawa. Adhabu yake imekuja kwetu lakini.

Mpita Njia 254

Dada, hapo umenishika. Lakini swali langu liko pale pale, haki iko wapi mimi nikipima wali na mwenye kiwanda kule hapimi moshi?

Mke wa Boma

Nimesoma kimya, sasa niseme. Ninyi wanaume mnazungumzia kupunguza chakula kwenye matanga kana kwamba aibu inagawanywa sawa. Kikipungua, hakuna atakayesema kamati ilikosea hesabu. Watasema mke wa fulani ni mchoyo. Watasema alikuwa hampendi mama mkwe. Nimeona dada mmoja alisemwa kwa kitu hicho miaka kumi, hadi binti yake akaolewa na maneno yakamfuata. Huyo shangazi alikuwa anajikinga, mimi namwelewa kabisa.

Halafu kuna jambo mnalosahau. Zamani chakula cha matanga hakikubaki kwa sababu kilibebwa. Kila mama aliyekuja kusaidia kupika aliondoka na kitu cha watoto, kwenye juala au kwenye bakuli aliloficha ndani ya leso. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, jambo ambalo ni jema, hatukuweka kitu mahali pake. Na kubeba kumekuwa kama wizi. Waliooga moshi tangu saa kumi alfajiri ndio wanaotazamwa mifuko wakitoka.

Kwa hiyo msije na mizani. Pikeni mpaka watu washibe. Kinachotakiwa ni kufunga mapema, hadharani, kikiwa bado moto, na atakayetangaza awe mzee wa boma kwa sauti yake, si mama wa jikoni.

Mwalimu wa Bweni

Kwa kifupi tu: shuleni kwetu makombo ya githeri yalikuwa ndoo saba kwa siku. Tulipoanza kuwapa wanafunzi nafasi ya kuomba nusu sahani na kurudi kuongezewa, zikawa tatu. Zile tatu zinakwenda kwa nguruwe wa jirani. Hakuna mwanafunzi aliyelala njaa.

Mjukuu wa Butere (mwenye uzi)

Asanteni nyote. Nimesoma kila neno, mengine mara mbili.

Kabeji Mau Narok, nakuomba radhi. Nilianza mahali panapoonekana kwa urahisi. Ekari yako isiyo kitabuni nimeibeba.

Afisa, nimempigia mama yangu kuhusu ile chupa na chumvi. Leo amejaribu kwa mahindi yaliyo darini, chumvi ikashika. Kesho wanayateremsha kuyaanika.

Mpita Njia, swali lako la haki ni la kweli, na sidhani unaposema wao walichafua zaidi unakwepa. Wao wanadaiwa, na wadaiwe. Ila methani ina tabia tofauti na hewa ukaa. Hewa ukaa hukaa angani karne na karne. Methani hudumu kama miaka kumi na miwili hivi. Maana yake tukiacha kuitoa leo, mtoto anayeingia darasa la kwanza ataona tofauti akiwa kijana. Na kwenye taka zetu za miji hii, iwe Kisumu au Nakuru, kinachooza zaidi ni vyakula na maganda. Sheria ya kusimamia taka ya mwaka 2022 imekwisha kusema taka zinazooza zitenganishwe na nyingine. Hata ile hesabu ya UNEP ya 2021, iliyokadiria kwamba Mkenya hutupa nyumbani kilo 99 kwa mwaka, ndani yake mna maganda na mifupa. Maganda ya ndizi hatuwezi kuyala, lakini tunaweza kuyapa ng'ombe, au kuyafanya mboji inayopata hewa badala ya kuyazika.

Mke wa Boma, wewe ndiye umenijibu. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikidhani lazima nichague kati ya kukhu na wageni wake. Nimekumbuka hata ile habari ya mikate mitano na samaki wawili. Watu elfu tano walikula wakashiba, tena wakasaza, na hakuna aliyeambiwa kimepikwa kingi mno. Kilichoamrishwa ni vipande vikusanywe, vikajaa vikapu kumi na viwili. Sisi tulikuwa na vikapu. Tuliona haya kuvishika mbele za watu.

Mwezi ujao ni kumbukumbu ya mwaka mmoja ya kukhu. Nimeongea na baba mdogo, ndiye mzee wa boma sasa. Amekubali kusimama yeye saa tisa, kabla ya maombi ya mwisho, na kutangaza kwamba kila anayetoka atafungiwa, kuanzia na waliopika. Kwa shangazi nilikwenda mwenyewe jana, sikutaka asikie kwa simu. Nikamweleza yote, hadi la shimo nyuma ya migomba. Alinyamaza kwa muda mrefu, akiendelea kumenya mihogo. Nikadhani nimemwudhi.

Leo asubuhi amenipigia. Anauliza majani ya ndizi ya kufungia watu elfu moja yatatoka boma la nani, maana ya kwake hayatoshi, na lazima yakatwe siku moja kabla na kubabuliwa kwenye moto ili yasichanike.